Bendisoo ya zamani Nyanda za Juu Kusini: uamini kibao, tepu, fundi au kaunta ya duka?

Ukifuata barabara ya Zambia kutoka Ilula mpaka Tunduma, hukosi karakana yenye msumeno wa mkanda, yaani bendisoo, uliomzidi umri fundi anayeutumia. Mingine ilitoka karakana za misheni, mingine mashamba ya chai, mingine ilinunuliwa mnadani, na mingine imeshushwa juzijuzi bandarini Dar ikiwa mtumba wa Uingereza au Italia. Chuma chake hakina neno. Kinachosumbua ni siku mkanda (ule utepe wa chuma wenye meno) unapokatika au beringi inapoanza kulia, halafu inakubidi umweleze mtu wa mbali, ambaye hajawahi kuiona bendisoo yako, ni kitu gani hasa unataka.

Hapo mafundi hugawanyika. Yupo anayekimbilia kibao cha chuma kilichopigiliwa ubavuni mwa mashine. Yupo anayetoa tepu. Mwingine anapanda bodaboda kumfuata mzee fulani anayezijua hizo mashine, na mwingine anafungua spea mbovu, anaizungushia gazeti na kwenda nayo dukani. Njia zote nne hufanya kazi, na zote nne zimewahi kuleta mkanda usioingia, kwa sababu kila moja ina swali lake inalolijibu. Anayeamini moja kwa yote ndiye anayerudisha mzigo Dar mara mbili.

Vigezo vya kulinganisha

Nimezipima kwa mambo manne. La kwanza ni usahihi, na hapa tutofautishe: usahihi kuhusu mashine ilivyotoka kiwandani, au kuhusu mashine ilivyo leo, baada ya miaka ya kuchomelewa, kukerezwa na kubadilishwa mota? La pili ni gharama pamoja na muda, maana kiangazi, barabara za msituni zinapopitika na oda za milango na madirisha zimejaa, siku moja ya mashine kusimama inaweza kuzidi bei ya mkanda wenyewe. La tatu ni mahali njia inapokwama. La nne, inamfaa nani.

Kwanza tukubaliane mkanda unaelezwaje. Urefu na upana havitoshi, ingawa ndivyo vinavyotajwa dukani mara nyingi. Mambo ni matano: urefu, upana, unene, idadi ya meno kwa inchi, na umbo la jino. Unene ndio unaosahauliwa, nao huua mikanda kabla makali hayajaisha. Kanuni ya siku nyingi inasema unene usizidi takriban sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha gurudumu. Gurudumu la milimita 600 linataka mkanda wa milimita 0.6. Gurudumu la inchi 14, yaani milimita 356, lingependa 0.36, ingawa wengi hulivalisha 0.6 na kukubali kwamba mkanda utachoka mapema.

Sasa Mafinga, mji wa viwanda vya mbao, ina jambo lake. Mikanda iliyotupwa na mashine za kupasulia magogo inapatikana kirahisi, pengine bure, nayo huwa na unene wa karibu milimita 1 au kuzidi kidogo. Ukiikata na kuiunga kwa urefu wa bendisoo yako, na kama gurudumu lako ni pana vya kutosha kuibeba, itaingia na kuzunguka. Itapasua vizuri mbao za mwanzo, kisha itaanza kupata nyufa kwenye mabonde ya meno, kwa sababu kila mzunguko inakunjwa na kunyooshwa kuliko chuma chake kinavyoweza kuvumilia. Mashine za magogo zenye magurudumu madogo hukutana na uchovu huohuo, ila wenye nazo wamekubali kubadilisha mikanda mara kwa mara na hesabu yao inawalipa. Karakana ya vitanda na makabati haina hesabu hiyo.

Njia ya kwanza: kibao na kitabu cha mashine

Usahihi. Kwa mashine ilivyotoka kiwandani, hakuna kinachokishinda kibao. Mashine za Kiingereza kama Wadkin ya Leicester, Robinson ya Rochdale au Sagar ya Halifax ukizikuta na kibao chake, soma modeli na namba ya mashine. Muuza spea wa huko atataka namba hiyo kabla ya maelezo mengine yote. Bendisoo za Kichina huandikwa MJ na tarakimu. Kwenye MJ344, MJ345 na MJ346, tarakimu ya mwisho inakupa kipenyo cha gurudumu kwa mamia ya milimita: 400, 500, 600. Kama maelezo mengine yako kwa Kichina, kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri inatosha kukutoa gizani.

Mota nayo ina kibao chake, kisome hata kama inazunguka vizuri. Mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani ni ya hezi 60, yaani mawimbi 60 ya umeme kwa sekunde. Ikila umeme wetu wa hezi 50 mzunguko wake hupungua kwa sehemu moja ya sita. Kitabu kikisema mizunguko 1,725 kwa dakika, wewe utapata kama 1,440, na mkanda unapunguza mwendo kwa kiasi hichohicho. Fundi anayelalamika kwamba mashine "haina nguvu kama ya zamani" wakati mwingine anaieleza hezi bila kujua.

Gharama na muda. Kibao ni bure: kitambaa na mafuta ya taa. Usikisugue kwa brashi ya waya, utafuta namba zilizogongwa kwa wepesi. Vitabu vingi vya zamani vimeskaniwa. Hifadhi ya VintageMachinery hutoa bure vitabu vya mashine, hasa za Marekani. Vya mashine za Uingereza mara nyingi utauziwa nakala. Ukiwa na bando na uvumilivu, jioni moja inaweza kutosha.

Inapokwama. Kitabu hakijui kilichotokea baada ya mashine kuuzwa. Chukua bendisoo ya Delta ya inchi 14, ambayo muundo wake ulinakiliwa na viwanda vingi vya Asia. Kitabu kinasema mkanda wa inchi 93½, yaani milimita 2,375. Lakini mashine hiyo huuzwa na kipande cha chuma cha kuinulia shingo ili ipasue mbao za kimo kikubwa zaidi, na ikishawekwa mkanda unakuwa inchi 105, milimita 2,667. Ukiinunua mtumba huku Uyole huna anayekuambia kama kipande kile kilikuja nayo au kiliongezwa. Ukiagiza kwa kitabu, utapokea mkanda mfupi kwa karibu sentimita 30.

Hali ni hiyohiyo kwa kipimo cha mkazo kilichochorwa karibu na springi. Springi ikishachoka, mshale unaonyesha upana wa mkanda ambao mashine haiwezi tena kuuvuta sawasawa. Na mara nyingi kibao chenyewe hakipo: kimepakwa rangi tabaka tatu, au kimeng'olewa pamoja na mlango wa chini.

Inamfaa nani. Mwenye mashine ambayo haijaguswa sana, anayesoma Kiingereza bila taabu, na anayetafuta kitu kisichopimika kirahisi: umbo la springi, mpangilio wa vishikio vya mkanda, au gurudumu lenyewe likiwa limevunjika.

Njia ya pili: tepu na kalipa

Usahihi. Hii ndiyo njia inayosema mashine ilivyo leo, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi kwa kuwa kosa lake hutokana na mpimaji, na mpimaji hurekebishika. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla hujafungua milango.

Kama mkanda wa zamani upo na ulikuwa unaingia vizuri, umemaliza nusu ya kazi. Weka alama ya chaki kwenye jino moja, mstari wa chaki sakafuni, kisha uviringishe mkanda sakafuni kwa mstari ulionyooka mpaka alama irudi chini. Umbali huo ndio urefu. Mkanda uliokatika unyooshe tu na kuupima, ukikumbuka kuongeza kilichopotea mahali ulipovunjika.

Kama hakuna mkanda, pima kipenyo cha gurudumu ukiwa juu ya mpira wake, si kwenye chuma, na umbali kutoka katikati ya shafti ya juu hadi katikati ya shafti ya chini. Urefu ni mara mbili ya umbali huo, ukijumlisha kipenyo mara 3.1416. Tuseme gurudumu ni milimita 610, shafti ya juu ikishushwa kabisa umbali ni 1,120, ikipandishwa kabisa ni 1,180. Katikati ni 1,150. Mara mbili ni 2,300. Ongeza 1,916 za gurudumu, unapata 4,216, yaani inchi 166. Mashine hii kwa hesabu inapokea chochote kati ya 4,156 na 4,276. Usiagize pembeni mwa mipaka hiyo: mfupi sana hautavuka ukingo wa gurudumu, mrefu sana hautapata mkazo. Mimi ningeagiza 4,230 hivi, juu kidogo ya katikati, kwa kuwa mkanda utakapokatika na kuungwa tena utapoteza urefu, na bado uwe na nafasi ya kuingia.

Mashine ya magurudumu matatu haifuati hesabu hiyo. Zungusha waya laini usiovutika kwenye njia yote ya mkanda, ukate, uunyooshe, upime.

Beringi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, mpaka pale zinapokuwa za inchi. Beringi ya namba 6205 ni tundu la milimita 25, nje 52, upana 15, iwe imetoka Japani au kiwanda usichokijua. 6203 ni 17, 40 na 12. Herufi 2RS ni kifuniko cha mpira pande zote mbili, ZZ ni cha bati. Kwa vumbi la mbao chukua 2RS. Lakini mashine za zamani za Kiingereza zilitumia beringi za inchi, na shafti ya inchi moja ni milimita 25.4. Hapo ndipo mtu anapelekwa kwa fundi wa kukereza "aipunguze kidogo" ili 6205 iingie, bila kukumbuka kwamba nyumba ya beringi nayo ni inchi 2¼, milimita 57.15, na beringi mpya ya 52 itaogelea humo ndani. Beringi yenyewe bado inatengenezwa. Inaitwa RLS8, au LJ1 kwa namba nyingine. Kalipa (kifaa cha kupimia unene na vipenyo) ya bei ndogo inakuonyesha tofauti kati ya 25 na 25.4, tepu haiwezi.

Bolti zina mtego wa namna hiyo. Bolti ya Whitworth, yaani ya kipimo cha zamani cha Kiingereza, ya nusu inchi ina meno 12 kwa inchi, ya Marekani ina 13. Nati inaingia mizunguko miwili, inakaza, na anayeongeza spana ndefu anaharibu vyote viwili. Belti za mota hazisumbui: upana wa juu milimita 13 ni A, milimita 17 ni B, na namba inayofuata, kwa mfano A42, ni urefu wa ndani kwa inchi.

Mwendo wa mkanda nao unapatikana kwa kupima. Mota ya 1,440 yenye puli ya milimita 100 ikizungusha puli ya 200, gurudumu linapata mizunguko 720. Kwa gurudumu la 610 ni kama mita 1,380 kwa dakika. Kwa mbao, kati ya mita 900 na 1,500 uko mahali pazuri. Nimeitaja kwa sababu mota zilizobadilishwa ni nyingi, na puli hufungwa ile iliyopatikana siku hiyo.

Gharama na muda. Tepu unayo. Kalipa si ghali na haiozi. Nusu siku inatosha kuipima mashine nzima na kuandika kila kitu kwenye karatasi utakayoibandika ndani ya mlango wa gurudumu.

Inapokwama. Tepu haikuambii kilichopaswa kuwapo. Ukipima mpira wa gurudumu uliolika, unapata namba ya mpira uliolika. Ukikuta gurudumu limenyooka uso, huwezi kujua kwa tepu kama liliundwa hivyo au lilikuwa na mgongo katikati ukaisha. Wala kupima hakukuchagulii meno.

Inamfaa nani. Karibu kila mwenye mashine iliyochokonolewa, isiyo na kibao, au yenye historia ya mikono mingi. Haimfai asiye na subira ya kurudia kipimo mara ya pili.

Njia ya tatu: fundi anayezijua

Usahihi. Hawa wapo: waliofunzwa karakana za misheni, walimu wa ufundi wa VETA, wanoa misumeno wa viwanda vya mbao vinavyozunguka Shamba la Miti Sao Hill, baadhi yao wakiwa wamepitia Chuo cha Viwanda vya Misitu kule Moshi. Kwa jambo ambalo kibao na tepu haviligusi, yaani jino gani kwa mti gani, usahihi wao ni mkubwa.

Paini ya huku ina ulimbo, na mara nyingi inapasuliwa haijakauka sawasawa. Mkanda wa meno madogo yaliyobanana huziba, unapata moto, unaanza kutangatanga. Atakuambia uchukue meno 3 kwa inchi yenye mabonde mapana kwa kupasua ubao uliosimama, na uyafute ulimbo kwa mafuta ya taa kabla haujageuka gundi. Mkaratusi mbichi una tabia ya kujibana nyuma ya mkanda, hivyo atataka meno yaliyopindwa pembeni zaidi kidogo. Mninga uliokauka unataka kunoa mara nyingi na kusukuma polepole. Kwa mbao nyembamba atakukumbusha kwamba meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya mti wakati wote, la sivyo jino linadaka na kuchana.

Fundi wa namna hii pia huunga mikanda. Kiungo kilichochomelewa bila kupashwa tena taratibu ili kupoza ugumu wake hukatika palepale pembeni ya kiungo, na ukimwona fundi hafanyi hivyo wala hasawazishi unene wa kiungo kwa tupa, tafuta mwingine.

Gharama na muda. Inategemea umbali na heshima. Shikamoo ni muhimu lakini haijazi tanki la pikipiki. Mlipe mzee muda wake, maana anachokupa kingekugharimu mikanda miwili kukijua. Muda wa kumpata ndio haubashiriki: msimu wa kilimo yuko shambani Ludewa, wiki nyingine yuko msibani.

Inapokwama. Mazoea. Fundi aliyeishi na mkanda wa nusu inchi miaka yote atakuambia unakata kila kitu. Haukati. Mkanda wa milimita 13 hauwezi kupinda kona yenye nusu-kipenyo chini ya takriban milimita 64 bila kulazimishwa. Wa milimita 10 unafika 37, wa milimita 6 unafika 16. Wa inchi nzima unaishia 184, ndiyo maana ni wa kukata mstari ulionyooka tu. Anayechonga migongo ya viti anahitaji namba hizo kuliko mazoea ya mtu. Vilevile fundi aliyekulia kwenye Wadkin ataieleza mashine ya Kichina kana kwamba ni ndugu yake, na wakati mwingine si ndugu kabisa.

Inamfaa nani. Mgeni wa mashine hizi, anayebadilisha aina ya mbao, na yeyote ambaye mkanda ni sahihi kwa vipimo lakini bado haukati wima.

Njia ya nne: kaunta ya duka, na spea mkononi

Usahihi. Kwa vitu vya kawaida, ni mzuri ajabu. Peleka beringi, belti, kapasita ya mota au swichi Mwanjelwa, na muuzaji anayeuza pia spea za pikipiki na mashine za kusaga atakupa mwenzake bila kuuliza ni ya mashine gani, na hana haja ya kuuliza. Kwa mkanda, anayekata kutoka kwenye koili na kuunga kwa urefu utakaomtajia ni bora kuliko mwenye mikanda iliyokwisha fungwa, kwa kuwa hakulazimishi urefu wa mashine asizokuwa nazo.

Gharama na muda. Hakuna njia ya haraka zaidi kama kitu kipo. Kama hakipo, kuna simu ya Gerezani au Kariakoo, malipo kwa simu, na kifurushi kinapakiwa kwenye basi. Ukituma asubuhi unaweza kukipokea stendi kesho yake. Tuma picha yenye rula pembeni ya kitu, na picha ya pili ya namba zilizochongwa juu yake. Picha ya beringi isiyo na kipimo humwambia muuzaji kwamba ni ya duara.

Inapokwama. "Inaingia hiyo, fundi" ni sentensi ya kibiashara. Muuzaji ana kilichopo rafuni, na kinachokaribiana ndicho atakachokupa. Beringi ya inchi atakupa ya milimita. Mkanda wa 0.6 ukikosekana atakupa wa 0.9 kwa kuwa upana ni uleule. Mkanda ukishakatwa na kuungwa, haurudishwi. Na spea unayopeleka kama sampuli inaweza yenyewe kuwa ilifungwa kimakosa na aliyekutangulia, hivyo unanunua kosa lake upya.

Kwa mpira wa magurudumu kaunta haisaidii sana. Mwingi unaouzwa ni wa mashine za inchi 14. Kwa gurudumu kubwa watu hukata mpira wa mkanda wa kusafirishia mizigo na kuubandika kwa gundi kali, kisha wanausawazisha mashine ikizunguka taratibu bila mkanda. Hufanya kazi, ikiwa unene ni ule ule kuzunguka gurudumu zima. Kinyume chake mkanda unapumua mbele na nyuma kila mzunguko.

Inamfaa nani. Mwenye haraka, mwenye tatizo la sehemu za kawaida, na aliyekwisha kuwa na namba zake kwenye karatasi.

Uanze wapi, kulingana na hali

Mkanda umekatika leo, kazi ya mteja iko mezani, na mkanda wa zamani ulikuwa unafanya vizuri: upime huo huo kwa kuuviringisha, pima unene kwa kalipa mahali pasipo na meno, nenda kwa anayeunga. Kibao kitasubiri.

Mkanda unakatika kila mara karibu na mabonde ya meno, si kwenye kiungo: usinunue mwingine kwanza. Gawa kipenyo cha gurudumu kwa elfu, linganisha na unene ulionao. Ukiona umezidi mno, una jibu. Kama unene uko sawa, tazama kama vishikio vya pembeni vinagusa meno badala ya kukaa nyuma ya mabonde yake, na kama beringi ya nyuma inausukuma mkanda hata usipokata kitu. Inatakiwa iwe na nafasi ya unene wa karatasi.

Mkanda unakatika kwenye kiungo: huyo ni mwungaji, si mashine.

Umenunua mashine ya Kiingereza isiyo na kibao, beringi zinalia: kalipa kabla ya nyundo. Jua kama ni za inchi au milimita ukiwa bado hujazitoa zote, kisha tafuta namba. Kama ni za inchi, jiandae kuagiza, na fundi wa kukereza mwache apumzike.

Mashine ni nzima, vipimo ni sahihi, lakini ubao wa paini unatoka na tumbo: fundi. Hapa kitabu na duka vitakupotezea pesa. Mara nyingi atagusa meno, mkazo na mwendo wa kusukuma kabla hajagusa kitu cha kununua.

Umeletewa mashine ya Marekani na mota haijawashwa: kibao cha mota kabla ya kila kitu. Volti 110 kwenye soketi yetu ya 230 haina mazungumzo. Ukiishakuwa na transfoma au mota mpya, hesabu puli upya ili mwendo urudi kati ya mita zile 900 na 1,500.

Na kama hujainunua bado, uko mnadani Makambako au kwenye yadi ya mitumba, nenda na tepu, tochi na simu. Piga picha kibao cha mashine na cha mota, pima gurudumu na umbali wa shafti ikiwa chini na ikiwa juu, na ujue kama skrubu ya mkazo bado inapanda. Zungusha magurudumu kwa mkono ukisikiliza. Mwisho gonga mikono ya gurudumu la chuma cha kuyeyusha kwa mpini wa nyundo, mmoja baada ya mwingine: wote ulie sauti moja. Mmoja ukitoa sauti iliyokufa, mulika tochi kwenye shina lake utafute ufa, na ukiuona usitoe pesa, hata wakikupunguzia nusu ya bei.